Toleo, Mgando na Ukomo: Uhakiki wa Istilahi za Ratiba katika Programu Huria

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya. Mtu akiisikia na kutenda jambo lililokusudiwa, istilahi hiyo imefaulu. Akitenda kinyume, haina budi kurudishwa karakana hata kama imekwisha kuchapishwa. Kwa kipimo hicho, makala haya yanachunguza maneno ya ratiba katika programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake huwekwa wazi, na ambazo nyingi hutungwa na kutafsiriwa na watu wa kujitolea.

Neno la kwanza ni toleo. Tangu Oktoba 2004, mfumo wa Ubuntu umekuwa ukitolewa mara mbili kwa mwaka, nao hupewa namba ya mwaka na mwezi. Toleo lililokusudiwa Aprili 2006 lilicheleweshwa hadi Juni, na namba yake ikawa 6.06 badala ya 6.04. Katika habari hii fupi mna mambo mawili: kitu chenye namba, na tendo la kukikabidhi kwa watumiaji. Sisi tunayaita yote toleo. Kwa hiyo "ratiba ya matoleo" yaweza kuwa orodha ya vitu vilivyokwisha kutoka, au tarehe za kazi ijayo. Dawa imo katika sarufi yetu wenyewe: toleo libaki kuwa kitu, na tendo liitwe utoaji. Tuseme basi ratiba ya utoaji. Vivyo hivyo, toleo linalosubiri ukaguzi wa mwisho liitwe toleo tarajiwa. Anayefuata lugha ya kigeni neno kwa neno atapata "mgombea", na msomaji atauliza anagombea kiti gani.

Neno la pili ni mgando. Kabla ya utoaji, mradi hupiga marufuku kuongeza mambo mapya. Baadaye hukataza pia kubadili maandishi yanayoonekana kwenye skrini. Katika mradi wa GNOME, siku hiyo ikipita, mtungaji hawezi kubadili sentensi hizo bila idhini ya upande wa tafsiri. Waingereza wamelifananisha jambo hili na maji yanayogeuka barafu, na mfasiri mwenye haraka huandika "mgando wa maandishi". Kasoro yake si kwamba maji ya Ziwa Victoria hayagandi pale Busega. Barafu tunaijua sote. Kasoro ni kwamba kilichoganda kimetulia, ilhali siku hiyo ndipo kazi ya mfasiri inapopamba moto, kwa kuwa sasa maandishi hayatambadilikia mkononi. Neno linampa ruhusa ya kupumzika wakati linapopaswa kumwita kazini.

Mkulima wa pamba wa Bariadi hawezi kupotoka hivyo. Muda wa kupanda, ambao ni Novemba na Desemba, ukikoma, hasemi kwamba shamba limeganda. Hushika jembe kwenda palizi. Kukoma kwa kazi moja ni mwanzo wa nyingine. Huko Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, watu husema pia kwamba msimu wa ununuzi wa pamba umefunguliwa au umefungwa, na mtu angeweza kupendekeza kufunga. Lakini kufunga kumekwisha kubeba mizigo mingi: twafunga dirisha la programu, twafunga mtambo kiwandani. Neno lifaalo ni ukomo: ukomo wa nyongeza, kisha ukomo wa maandishi. Ni fupi, linafahamika, na linadai litajiwe kilichokoma.

Neno la tatu ni kujitolea, lenye mzizi mmoja na toleo. Asiyejitoa hana cha kutoa; lakini pia aliyejitoa haamrishwi. Mradi wa Debian ulijifunza hayo mwaka 2006. Toleo lake la Julai 2002 lilikuwa limefuatwa na jingine Juni 2005 tu, karibu miaka 3 baadaye. Ili kuepuka kuchelewa tena, kikundi kilichanga fedha za kuwalipa wasimamizi wawili wa utoaji. Baadhi ya wenzao waliokuwa wakifanya kazi bure walichukizwa, na wengine wakapunguza bidii. Toleo lililotarajiwa Desemba 2006 lilitoka Aprili 2007. Kwa sababu hiyo, "meneja wa matoleo" ni jina lisilofaa, maana linanukia ofisi na mshahara. Mratibu wa utoaji ni bora. Kazi yake yafanana na ya mpiga ngoma ya Bugobogobo: majembe huenda pamoja kwa mdundo, si kwa fimbo.

Haya si mambo ya mapambo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata OpenOffice ikatoa toleo lake la 2.0, na LibreOffice, iliyozaliwa kutokana nayo mwaka 2010, hutoa matoleo makuu mawili kila mwaka. Tafsiri iliyokamilika mara moja huanza kuchakaa utoaji unaofuata. Mwanafunzi wa Bariadi atakayefungua programu hiyo atakuta amri moja kwa Kiswahili na ya pili kwa Kiingereza, naye atajifunza, pasipo kufundishwa na mtu, kwamba lugha yake haifiki mwisho wa kazi.

Kwa hiyo kamati za istilahi nazo hazina budi kuwa na ratiba ya utoaji. Zikutane kabla ya ukomo wa maandishi, zitoe orodha fupi iliyo tayari badala ya kitabu kinene kitakachochelewa, na kumwachia mfasiri wa kujitolea muda wa kuitumia. Istilahi inayofika baada ya utoaji ni kama mbegu ya pamba inayoletwa shambani Mei: yaweza kuwa bora kabisa, lakini wenzake wanavuna.