Kuzimika kwa Taa: Mwongozo wa Kuipima Kazi ya Fundi wa Mifuko ya Hewa

Miongoni mwa wenye magari wa Tottenham, kaskazini mwa London, fundi wa umeme wa gari hupimwa siku hizi kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kama taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi imezimika au bado inawaka. Na kwa kuwa kuizima taa ni kazi ya robo saa kwa mtu asiye na haya, sifa zimewaendea wengi wasiozistahili. Kuanzia Seven Sisters hadi Northumberland Park husifiwa fundi aliyerudisha ufunguo kabla chai ya mteja haijapoa, akalipwa kidogo na kushukuriwa sana, huku akilaumiwa yule aliyekaa na gari kutwa nzima, akachomoa betri, akang'oa kiti, kisha akatoza kila saa aliyoitumia. Hukumu hiyo imepinduka, na kwa kuwa inayowekwa rehani ni vifua na shingo za watu, inafaa vielezwe vigezo ambavyo kwavyo wanaoijua kazi hii huitambua iliyo njema.

Mfuko wa hewa ni mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya usukani, ndani ya dashibodi, na katika magari mengi ya leo ubavuni mwa viti na juu ya madirisha pia, ambao hujazwa gesi kwa mlipuko mdogo katika muda wa takriban milisekunde 30. Amri ya kufyatuka hutoka kwenye kontroli boksi, yaani kisanduku cha kielektroniki ambacho kwa kawaida hufungwa sakafuni katikati ya gari, karibu na gia. Nacho huamuru pia vikaza mikanda, ambavyo ni vyombo vidogo vya baruti vinavyouvuta mkanda wa kiti kabla mwili haujarushwa mbele. Ndani ya kila mfuko na kila kikaza mna kifyatuzi, waya mwembamba wenye ukinzani wa omu mbili au tatu hivi, na kontroli boksi huupima waya huo gari linapokuwa limewashwa, kwa mkondo hafifu usioweza kuufyatua. Kipimo kikipanda kwa sababu soketi imelegea, au kikishuka kwa sababu nyaya zimegusana, msimbo wa hitilafu huandikwa katika kumbukumbu, taa huwaka, na mfuko husika, pengine mfumo mzima, huenda usifyatuke siku ya ajali. Taa, kwa maneno mengine, ni mjumbe, na Waswahili walikwisha kusema kuwa mjumbe hauawi. Ila biashara kubwa ya mafundi wabovu ni hiyohiyo ya kumuua.

Biashara hiyo hushamiri gari linapokaribia MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria ya Uingereza inaudai kwa gari la abiria lililotimiza miaka mitatu. Tangu 20 Mei 2018 kasoro zinazoonekana katika ukaguzi huo hugawanywa kuwa ndogo, kubwa na za hatari, na taa ya mfuko wa hewa inayoonyesha hitilafu ni kasoro kubwa, maana yake gari limeanguka. Mkaguzi, hata hivyo, huitazama taa kwa macho tu. Hasomi kumbukumbu ya kontroli boksi wala hafungui usukani, na mlango wa udanganyifu uko hapo. Tottenham ina sababu yake ya ziada. Eneo la ULEZ, ambalo ndani yake gari lenye moshi mchafu hutozwa pauni 12.50 kwa siku, lilipanuliwa na kuifikia mitaa hii tarehe 25 Oktoba 2021, dizeli za zamani zikauzwa, yakabaki kwa wingi magari madogo ya petroli na Toyota Prius za teksi ambazo sasa zimefikia umri wa soketi kuota kutu, hasa kwa mvua ya nchi hii inayoingia na viatu vya abiria na kulowesha zulia lililo chini ya viti.

Lipo jambo moja ambalo mteja asiye mjuzi hulipita kila mara, nalo hutokea katika sekunde chache za mwanzo. Mteja hupokea ufunguo, huuzungusha moja kwa moja hadi injini ingurume, hutupa jicho kwenye dashibodi, haoni taa, hulipa. Mjuzi huugeuza ufunguo hadi hatua ile inayowasha dashibodi bila kuwasha injini, au, kwa gari la kitufe, hubonyeza kitufe bila kukanyaga breki, kisha hutulia na kutazama. Taa ya mfuko wa hewa iliyo salama ni lazima iwake hapo, kwa kuwa kontroli boksi inajipima, na ni lazima izimike yenyewe baada ya sekunde kati ya tatu na saba hivi, kutegemea aina ya gari, wakati injini bado imelala. Taa ya oili na taa ya chaji haziwezi kufanya hivyo: ya kwanza husubiri oili ipate msukumo, ya pili husubiri oltaneta izunguke, kwa hiyo zote mbili huendelea kuwaka hadi injini iwashwe. Hapo ndipo hila kongwe kuliko zote hufichuka. Fundi mdanganyifu huunganisha waya wa taa ya mfuko wa hewa na waya wa taa ya oili, ili iwake na kuzimika kwa heshima mbele ya mteja na mkaguzi. Lakini mteja asipowasha injini, taa zote mbili hubaki zimekodoa macho pamoja, na zikizimika huzimika kwa pigo moja. Mwenye hila zaidi huiunganisha na taa ya breki za ABS, ambayo nayo hujizima yenyewe, na huyu hukamatwa kwa kulinganisha: mifumo miwili tofauti inayojipima haina sababu ya kumaliza kwa nukta ileile, kila siku, mwaka mzima. Taa isiyowaka kabisa ndiyo mbaya kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayowafurahisha wateja zaidi. Balbu imeng'olewa, au imepakwa rangi nyeusi ya kucha, au imefunikwa kwa tepu nyuma ya kioo cha dashibodi, na mwenye gari hupita barabara ya High Road akiamini kuwa amepona.

Katika magari mapya zaidi, ambamo dashibodi hupokea habari kwa mtandao wa data badala ya waya mmoja kwa kila taa, hila hizo hazifui dafu, na wadanganyifu wamehamia kwenye kinzani, yaani kijipande cha kielektroniki chenye ukinzani maalumu, ambacho huchomekwa mahali pa mfuko ulioharibika ili kontroli boksi isome omu mbili na kuridhika. Taa ya gari la namna hii huwaka na kuzimika kwa adabu zote. Ikumbukwe kwamba kinzani hichohicho, mkononi mwa bingwa, ni chombo halali cha kupimia: hukichomeka kwa muda mahali pa mfuko ili ajue kama kasoro iko kwenye mfuko wenyewe au kwenye nyaya, kisha hukitoa. Kosa ni kukiacha. Anayetaka kukigundua humwomba fundi afungue kompyuta ya kupimia mahali panapoonyesha ukinzani wa kila mfuko, kwa magari yanayoonyesha hivyo, kisha huuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Mzunguko wa kweli, unaopita katika soketi kadhaa na nyaya ndefu, aghalabu hutikisika kidogo katika tarakimu za mwisho. Kinzani kilichofichwa nyuma ya kontroli boksi husimama wima. Fundi anayekataa kuionyesha skrini yake amekwisha kujibu swali.

Kuhusu kompyuta yenyewe, inatosha kusema kwamba vile visomaji vya bei poa vinavyouzwa kila mahali husoma misimbo ya injini, inayoanza kwa herufi P, na vingi havina habari na misimbo ya mifuko ya hewa, ambayo mingi huanza kwa B. Anayekuja na kisomaji hicho akadai ameipata hitilafu ya mfuko wa hewa, aagwe kwa heshima.

Kuusoma msimbo si kuipata kasoro, na tofauti ya fundi na fundi huonekana hapa. Inasimuliwa habari ya fundi mmoja wa Tottenham, aliyejifunza kazi katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye alipoletewa Prius ya teksi hakuigusa kompyuta kabla ya kumuuliza dereva wiki iliyopita alibeba nini. Alipoambiwa kuwa dereva alibeba zulia refu lililolazimu kiti cha abiria kilazwe na kusukumwa hadi mwisho wa reli, aliinama, akamulika chini ya kiti, akaiona soketi ya manjano imevutwa na waya wake mmoja umekatika shingoni. Soketi za mfumo huu hufanywa za manjano ili zitambulike, na nyingi zina kibati cha ndani ambacho, soketi ikichomolewa, huziunganisha pini mbili za kifyatuzi ili umeme wowote wa bahati mbaya usiufyatue mfuko. Kwa sababu hiyo ule ukarabati unaosifiwa sana, wa kuikata soketi na kuzichomea nyaya moja kwa moja kwa risasi "ili isisumbue tena", ni uharibifu. Umeondoa ulinzi, na fundi atakayeng'oa kiti hicho baadaye atalazimika kukata waya wa baruti.

Mafundi wa zamani walikuwa na subira ambayo vijana wa kompyuta wamepungukiwa. Wale waliotoka Gerezani, au Grogan ya Nairobi, au Katwe ya Kampala, walizisoma Toyota za miaka ya tisini na ya elfu mbili kwa kipande cha waya kilichounganisha vituo viwili, TC na CG, vya soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kisha wakakaa kimya kuhesabu taa ilivyopepesa, mara moja, kituo, mara tatu, na kutokana na hesabu hiyo wakajua mzunguko gani umeumia. Mtu aliyezoea kuhesabu hivyo aliitazama taa kwa makini kuliko anayesubiri skrini imwambie. Gereji zao zimekuwa zikipungua Tottenham kadiri majengo ya ghorofa yanavyopanda, na pamoja nazo inapungua ile desturi ya mwanafunzi kushika taa miezi mingi kabla hajaruhusiwa kushika spana.

Subira hiyo ina kipimo chake cha wazi, nacho ni betri. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya manjano fundi huchomoa betri na kusubiri, kwa sababu ndani ya kontroli boksi mna kapasita, vyombo vinavyohifadhi umeme ili mifuko ifyatuke hata ajali ikiikata betri. Toyota huagiza angalau sekunde 90, na watengenezaji wengine huagiza dakika kadhaa. Anayechomoa betri na papo hapo kuingiza mkono kwenye usukani hajui anachokishika. Vivyo hivyo anayekipima kifyatuzi kwa mita ya kawaida ya umeme, kwa maana mkondo wa mita yenyewe unaweza kuufyatua.

Springi ya usukani, ambayo ni utepe wa nyaya uliozungushwa ndani ya kikasha cha plastiki nyuma ya usukani ili umeme uufikie mfuko usukani unapogeuka, ina dalili rahisi: ikikatika, mara nyingi honi na vitufe vya usukani hufa pamoja na taa kuwaka. Fundi mwema hunyoosha magurudumu, huiweka springi mpya katikati ya mzunguko wake, na huifunga kwa tepu isizunguke kabla haijakaa mahali pake. Asiyefanya hivyo hurudishiwa gari baada ya kona ya kwanza kali. Nyaya zilizotengenezwa hufungwa kwa tepu ya kitambaa, kamwe si ya plastiki. Kiti hung'olewa, hakiinuliwi upande mmoja. Bei haitajwi kabla msimbo haujasomwa, na msimbo haufutwi kabla haujaandikwa kwenye karatasi. Haya hayahitaji hoja.

Gari lililowahi kufyatua mifuko linataka jicho jingine, na hili linamhusu zaidi anayenunua Tottenham ili apeleke Mombasa, kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na gari changa la bei ya chini mara nyingi ni lile lililogongwa. Nchini Uingereza magari yaliyofutwa na kampuni za bima lakini yanayoweza kutengenezwa huwekwa, tangu Oktoba 2017, katika daraja S, lenye uharibifu wa kiunzi, au N, lisilo nao. Mnunuzi na aulinganishe mng'ao wa kifuniko cha usukani na wa dashibodi, kisha auvute mkanda wa kiti hadi mwisho na kusoma lebo ya tarehe ya kutengenezwa kwake. Mkanda wenye tarehe ya baada ya gari kutoka kiwandani umebadilishwa, na aliyeubadilisha alikuwa na sababu. Mkanda mpya kando ya mfuko mpya wenye risiti ni kazi njema. Mkanda mpya pasipo maelezo yoyote ya mfuko ni jambo la kuulizwa.

Hata kazi njema kuliko zote ina mpaka, kwa kuwa taa hupima umeme, haipimi baruti. Mifuko ya Takata, kampuni ya Japani iliyoomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017, ilijazwa amonia nitrati, ambayo kwa miaka mingi ya joto na unyevu huharibika hadi kasha la chuma hupasuka na kurusha vipande kwa abiria, na magari hayo yalitembea wakati wote huo taa zikiwa zimezimika kihalali. Juni 2025 wenye Citroën C3 na DS3 za toleo lililohusika nchini Uingereza waliambiwa waache kuziendesha mara moja kwa sababu ya mifuko hiyohiyo. Huduma ya serikali ya mtandaoni inayoonyesha historia ya MOT huonyesha pia kama gari lina wito wa usalama, yaani agizo la kulirudisha lirekebishwe, ambao haujatekelezwa; kinachohitajika ni namba ya usajili tu, na mtengenezaji hubadilisha mfuko ulioitwa bila malipo.