Filamu na Nyuso Zetu

Ninazo picha mbili za mahafali ya chuo chetu cha ualimu, zote zimepigwa mchana, jua la Dodoma likiwa utosini. Ile nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1974, inanionyesha kila mwanachuo: kovu la huyu, tabasamu la yule. Ya rangi, ya 1983, ina mashati yanayong'aa na udongo mwekundu wa kupendeza. Nyuso ni giza tupu. Wawili kati yao wamekwisha kufariki, na wajukuu wao huniuliza, "Babu ni yupi hapa?"

Tulimlaumu mpiga picha. Labda mita yake ilidanganywa na mashati, lakini kosa halikuwa lake lote. Kwa miongo mingi kadi za kupimia rangi maabara, za Kodak zikiwamo, zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa Shirley. Ngozi yetu haikuwa kipimo.

Kijana wa leo anayerudia kamera za zamani, tena kwa filamu ya kuagiza na ya bei kali, namshauri achague nyeusi na nyeupe, mathalani Ilford HP5 Plus, ambayo hubeba mwanga mkali na kivuli pamoja. Awaweke watu kivulini mwa mbuyu, na apime mwanga usoni, si kwenye shati.