Nani Alimfungia Nani? Kitenzi Kilichopotea katika Lugha ya Uhakiki

Malalamiko ya walimu na wanafunzi kuhusu vitabu vya uhakiki ni ya siku nyingi, na aghalabu lawama hutupiwa istilahi. Husemwa kwamba mwanafunzi wa Kangundo, aliyelelewa kwa Kikamba na kuzoea Sheng ya matatu za kwenda Nairobi, hawezi kustahimili maneno kama mwingilianomatini, udenguzi, tashtiti na taharuki. Makala haya yana maoni tofauti. Tunaonelea kwamba istilahi zimeonewa. Ugumu mkubwa umo katika sentensi, hasa pale kitenzi kinapong'olewa na nafasi yake kupewa nomino.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ile riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ilipokuwa ikitahiniwa, niliwaandalia wanafunzi wa kidato cha tatu muhtasari wa maudhui. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na sehemu kubwa ya muhtasari huo niliichota katika tasnifu yangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Usawiri wa mwanamke katika matini hii unadhihirisha utengwaji unaotokana na utamalaki wa mfumo wa kiume katika uendeshaji wa asasi ya familia." Niliisoma kwa sauti, nikaridhika nayo. Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono: "Samahani mwalimu, hapo nani amemfanyia nani nini?" Darasa likaangua kicheko. Nilimkemea kijana yule, na hadi leo najuta, maana swali lake lilikuwa uhakiki bora kuliko sentensi yangu.

Jibu lilikuwa rahisi. Maksuudi anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna. Baadaye anampiga mkewe na kumwacha. Mwanafunzi yeyote aliyeisoma riwaya alilijua hilo. Lakini katika sentensi yangu Maksuudi hayumo. Tamima hayumo, Maimuna hayumo, wala mlango haukufungwa. Umebaki "utengwaji" unaotokea wenyewe, kama mvua.

Hebu tulitazame neno moja jinsi tulivyokuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza na cha pili kuainisha mofimu. Chukua "alimfungia". Kiambishi a- kinatuonyesha mtendaji, -li- wakati, -m- mtendewa, -fung- tendo lenyewe, -i- kwamba tendo linamwelekea mtu fulani, na -a ni kiishio. Katika neno hilo moja mna kisa kizima. Kikamba nacho kimeundwa kwa utaratibu huohuo, kwa hivyo mtoto wa Kangundo haingii darasani akiwa mgeni wa jambo hili. Amelinyonya pamoja na maziwa ya mamaye. Sasa chukua "ufungiaji". Mtendaji ametoweka, wakati umetoweka na mtendewa ametoweka. Tumelichukua neno lililokuwa limejaa, tukalimwaga, kisha tukaliita la kitaaluma.

Si nomino zote zina hatia. Hakuna anayeweza kuandika juu ya fasihi bila kutaja upendo, usaliti au ukoloni. Tatizo ni zinapopangwa foleni na kuunganishwa kwa -a unganifu: usawiri wa utamalaki wa uendeshaji wa asasi. Kiunganishi hiki ni kifupi, na kwa ufupi wake kinaficha mengi. Nikiandika "ukosoaji wa Kezilahabi", je, Kezilahabi anakosoa au anakosolewa? "Usawiri wa mwanamke" ni mwanamke kusawiri au kusawiriwa? Msomaji hukisia mara moja, akakisia mara ya pili, na katika -a ya nne huwa amechoka. Kisha humlaumu mwandishi kwa kutumia msamiati mzito, ilhali kila neno analifahamu.

Mtindo huu umetoka wapi? Nadharia tunazozitumia katika uhakiki, iwe ni umuundo, udenguzi au nyinginezo, wengi wetu tulizisoma kwanza kwa Kiingereza. Kiingereza cha wasomi hupenda nomino dhahania, nasi tuliposhika kalamu tulitafuta nomino ya Kiswahili kwa kila nomino tuliyoikuta kule. Kiswahili kina njia rahisi ya kuziunda: weka u- mbele na -aji au -o nyuma. Njia ikiwa nyepesi hivyo, nani ataiacha? Lakini naamini ipo sababu nyingine ambayo hatupendi kuisema. Sentensi isiyo na mtendaji haibishiki. Nikiandika kwamba Maksuudi aliwafungia wanawake kwa kuogopa jambo fulani, mwenzangu anaweza kufungua riwaya akaniambia nimekosea, na akanionyesha ukurasa. Nikiandika "utamalaki wa mfumo" atanibishia kwa ukurasa upi? Chuoni tuliandika hivyo ili msimamizi na watahini wasipate mahali pa kutushika. Hofu ile tumeileta madarasani tukidhani ni elimu.

Kabla ya chuo kikuu kutupa lugha hii, watu walihakiki. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mtu anaweza kuikataa misimamo yake kuhusu vina na mizani, na wengi wameikataa, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hajui Amri anasema nini. Anakuambia mtunzi afanye nini na asifanye nini. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kutetea mashairi yasiyofungwa na vina, mabishano yaliyofuata yalifika hata magazetini, na walioingia si wahadhiri peke yao. Ibrahim Noor Shariff naye katika Tungo Zetu (1988) alijenga hoja zake kwa Kiswahili ambacho mtunzi asiye na shahada angeweza kukisoma na kukijibu. Mgogoro wa ushairi ulikuwa mkali, pengine mkali kupita kiasi, lakini ulikuwa wa watu wengi kwa sababu kila upande ulieleweka ulipokuwa ukikosea. Najiuliza ni mgogoro gani wa fasihi wa miaka hii unaoweza kuwafikia watu wa soko la Tala.

Turudi kwa istilahi, kwa kuwa nimesema zimeonewa. Mkulima wa kahawa wa hapa Kangundo anajua mbuni ni nini: ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kupitia kiwandani, na bei yake ni ya chini. Hajawahi kulalamika kwamba "mbuni" ni istilahi ngumu. Aliiona mbuni kabla ya kufunzwa jina, au alivipata vyote viwili siku moja. Istilahi ya fasihi nayo haina shida mwanafunzi akikutana kwanza na kitu chenyewe. Asome mahali ambapo msimulizi anaacha kisa na kurudi utotoni mwa mhusika, aulize kwa nini amerudi, kisha aambiwe kwamba hiyo huitwa mbinu rejeshi. Hatalisahau. Vitabu kama Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake cha K. W. Wamitila (2002), au Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999), vimetupa majina ambayo walimu waliotutangulia hawakuwa nayo, na deni hilo ni kubwa. Nina lalamiko moja tu hapa: majina yamezidi vitu. Mbinu rejeshi ndiyo hiyohiyo kisengere nyuma, na tashihisi ndiyo uhuishi, lakini nimesahihisha insha ambamo mwanafunzi amezihesabu kuwa mbinu nne, na akatoa mfano mmoja mara mbili bila kujua.

Wapo watakaosema kwamba natetea uvivu, na kwamba mawazo mazito yanahitaji lugha nzito. Hoja hii imejadiliwa kwingine pia. Kuanzia 1995 hadi 1998 jarida la Marekani liitwalo Philosophy and Literature liliendesha shindano la kutafuta sentensi mbovu kuliko zote katika maandishi ya wasomi, na mwaka wa mwisho tuzo hiyo ya dhihaka ikamwendea mwanafalsafa Judith Butler. Butler alijibu mwaka 1999 katika gazeti la New York Times kwamba lugha ya kawaida huweza kuficha dhuluma ambazo watu wamezizoea, na kwamba wakati mwingine ni lazima lugha ikaze ili tuzione. Sitaki kulipuuza jibu hilo. Kuna kweli ndani yake: mtu aliyezoea kusema "mume amemrudi mkewe" anahitaji kushtuliwa. Ila nikiipima hoja hiyo kwa mfano wangu, naona ni sentensi ngumu iliyoificha dhuluma, nayo nyepesi ndiyo iliyoifichua. "Utengwaji" haumshtui mtu. "Aliwafungia ndani" unashtua.

Aidha, ugumu ni wa aina mbili, nasi tumezichanganya. Huku Ukambani mtegaji wa vitendawili huanza kwa kusema "Kwata ndai", na watoto hujibu "Nakwata". Kinachofuata kina maneno ambayo kila mtoto anayajua. Lililofichwa ni jibu. Kezilahabi alifanya jambo la jamii hiyo katika Nagona (1990). Sentensi zake ni fupi na maneno mengi ni ya kila siku, lakini msomaji anaweza kukesha nayo na asipate usingizi. Huo ni ugumu wa haki, kwa kuwa ni ugumu wa jambo lenyewe. Sentensi yangu ya Utengano ilikuwa kinyume chake: jibu lilijulikana na darasa zima, yaliyofichwa ni maneno. Mtoto akitegewa kitendawili cha namna hiyo ana haki ya kuinuka na kwenda zake.

Kinachonishangaza ni kwamba mtihani wetu wenyewe unajua jambo hili. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, inapomtolea mtahiniwa dondoo na kumtaka aeleze muktadha wake kwa alama nne, inauliza nini? Nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini. Ni swali la yule mvulana wa nyuma. Mtahiniwa anayelijibu vizuri analazimika kutumia vitenzi na kutaja majina. Lakini mkononi ana mwongozo uliojaa "usawiri" na "udhihirishaji", kwa hivyo akifika kwenye swali la maudhui la alama ishirini anabadilisha sauti kama mtu aliyeitwa ofisini. Sauti aliyokuwa nayo katika swali la muktadha anaiona ni ya kitoto.

Katika mtihani mmoja wa majaribio nilisahihisha pamoja na mwenzangu wa shule jirani. Msichana mmoja alikuwa ameandika jibu la muktadha kwa sentensi nne fupi, kila moja na kitenzi chake na mtu wake. Mwenzangu alimpa alama mbili. Nilimuuliza ni nukta gani imekosekana. Tukalisoma jibu mara ya kwanza, tukalisoma mara ya pili huku amelaza kalamu juu ya mpango wa kusahihisha, akihesabu: msemaji yupo, msemewa yupo, mahali papo, sababu ipo. Akafuta mbili, akaandika nne. Kisha, kabla ya kuliweka karatasi upande, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Boresha lugha."