Kamera Isiyo na Haraka

Panga linaibwa sokoni Kigali, na vijana wawili wanashika njia. Ngabo anakwenda kumwua aliyemwua baba yake katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Sangwa, rafiki yake, anaomba wapitie kwanza kwao kijijini, ambako hajakanyaga kwa miaka mitatu. Mtazamaji aliyezoea sinema za Hollywood anajiandaa kuona damu. Filamu ya Munyurangabo (2007), ya mwongozaji Lee Isaac Chung, inampeleka uani kwa wazee, na huko inakaa.

Kukaa huko ndiko ufundi wenyewe. Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea ambaye baadaye alitengeneza filamu ya Minari, alifika Kigali kufundisha utengenezaji wa filamu. Wanafunzi wake ndio waliokuwa mafundi wake. Wachezaji wakuu hawakuwa waigizaji wa kazi, na walizungumza Kinyarwanda chao cha kila siku. Picha zilipigwa kwa siku 11, lakini ndani yake huoni haraka yoyote.

Mtazame Sangwa shambani na baba yake. Wanalima, mzee anamkaripia, anamwelekeza, polepole anaanza kumkubali tena. Kamera inasubiri hadi nasi tunampenda mzee huyu. Ndipo chuki yake inapotoka: mwanawe, Mhutu, amefuatana na Ngabo, Mtutsi. Laiti tungeonyeshwa chuki hiyo mwanzoni, tungemwita shetani na kumalizana naye. Sasa hatuwezi, maana tumekwisha kuzoea sauti yake.

Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilikuwa na mzigo mwingine. Ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, kwa Kiingereza, ikamweleza mgeni asiyejua lolote kilichotokea Kigali. Simu, malori, rushwa, mlango wa hoteli: kila tukio linalisukuma jingine. Kazi hiyo iliifanya vizuri, ila mwendo wake haumwachi mtazamaji akaishi na jirani kabla hajageuka adui.

Hata hivyo Hollywood nayo inajua kusubiri. Katika 12 Years a Slave (2013), iliyompa Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar, mwongozaji Steve McQueen anamwacha mtumwa Solomon Northup akining'inia kwa kamba, ncha za vidole vya miguu zikitafuta ardhi topeni. Nyuma yake watu wanaendelea na shughuli zao, na watoto wanacheza. Kadiri picha inavyokawia, ndivyo utumwa unavyoonekana ulivyokuwa: jambo la kawaida, la mchana kweupe.

Chung naye ana picha yake ya kukawia. Mshairi Edouard Uwayo anaikabili kamera na kughani shairi refu juu ya ukombozi wa nchi, bila mkato, kama mgeni aliyepewa kiti na nafasi ya kumaliza neno lake. Mwongozaji mwoga angeingiza picha za milima, au za mauaji. Huyu anaiamini sauti na uso.

Safari inapofika mwisho, muuaji anakutwa kitandani, anakufa kwa UKIMWI, anaomba maji. Hapo ndipo subira yote ya nyuma inapolipa. Tumekwisha kujifunza kumtazama mtu hadi tumwone mzima, kwa hiyo ombi hilo dogo linakuwa zito kuliko panga, na Ngabo hana budi kulijibu.