Taco Huonjwa Kuanzia Mkate

Mara ya kwanza nilipopika taco ya Kimeksiko nyumbani, nilikanda sembe kwa maji ya moto nikaisukuma kama chapati. Ilipofika kikaangoni ikapasuka kama tope la kiangazi. Nyama ilikolea, pilipili iliwasha, ndimu ilikuwepo. Taco ndiyo haikuwepo. (Jina hilo naliandika kwa c makusudi. Liandike kwa k uone watakavyocheka mezani.) Tangu siku hiyo nikikaribishwa taco, nyama huiacha kwanza. Huikamata tortiya, ule mkate mwembamba wa mahindi, nayo hunieleza kama mpishi anaijua kazi.

Nilichokosa ni chokaa. Watu wa Meksiko walikuwa wakichemsha mahindi kwa chokaa au majivu zamani sana kabla ya Wahispania kufika. Mahindi yaliyochemshwa hivyo huitwa nishtamali, neno la Kinahuatl lenye majivu ndani yake. Chokaa hulegeza ganda la punje, huufanya unga ushikane, na hufungua vitamini B3 ambayo mwili hauipati vizuri kwenye mahindi matupu. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo haukupanda meli; maskini wa kaskazini mwa Italia walioyategemea peke yake wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Kwetu nako yalifika bila chokaa, tukayaita mahindi kana kwamba kwao ni Bara Hindi.

Punje

Chukua kilo 1 ya mahindi meupe makavu ya kula, si ya mbegu yaliyotiwa dawa. Tia maji lita 3 na chokaa ya kula gramu 10: jamaa ya ile ya tambuu, si ya kupaka ukutani. Sufuria la alumini liache kabatini, chokaa hulila. Chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hadi 45, epua, funika hadi asubuhi.

Sugua punje kwa vidole. Ganda likibanduka kwa utelezi, chokaa imefanya kazi. Kisha ing'ate nusu uitazame: katikati pawe na kinukta cheupe kilicho kikavu bado. Kisipoonekana, mahindi yameiva mno na donge litanata kama gundi. Kikiwa kikubwa, utasaga chenga. Yaoshe mara mbili tatu, lakini usiyavue ganda lote. Lile linalobaki husaidia donge kushikana.

Donge

Kwa jadi ya Meksiko mahindi husagwa juu ya jiwe liitwalo metate. Nyumbani mashine ya kusagia ya mkono inatosha ukiyapitisha mara mbili. Blenda hudai maji mengi. Finyanga tonge la ukubwa wa ndimu ndogo, gramu 30 hivi, ulibonyeze kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, nyunyiza maji. Likigandamana na kiganja, maji yamezidi. Ulaini wake uwe kama wa ndewe ya sikio.

Kikaangoni

Liweke tonge kati ya vipande viwili vya nailoni, likandamize kwa ubao hadi upana wa sentimita 12 au 14. Kikaango kiwe kikavu, bila mafuta, na moto wa kulirusha tone la maji. Upande wa kwanza upe sekunde 15 hadi 20 tu, geuza. Wa pili upe kama dakika nzima, geuza tena, kisha iguse katikati kwa ncha za vidole. Hapo tortiya njema hufura kama kibofu, kwa mvuke ulionaswa kati ya ngozi zake mbili. Ikigoma, chunguza mambo matatu: donge kavu, moto mdogo, au ulichelewa kuigeuza mara ya kwanza na uso ukakauka.

Mkononi

Zifunge kwenye kitambaa dakika 10 zilainishane kwa mvuke wao. Sasa hukumu. Ikunje: isipasuke mgongoni. Inuse: mahindi, na kwa mbali ardhi iliyonyeshewa. Madoa ya kahawia yawe machache. Ukiona umanjano mkali na kuhisi uchungu ulimini, chokaa ilizidi au hukuosha vya kutosha.

Usidharau nyama, lakini ijue nafasi yake. Taco al pastor imetokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni. Nyama hiyo ya kuzungushwa motoni iliingia Meksiko ikiwa na mkate wake wa ngano. Jiji la Meksiko likaipokea nyama, likaiweka juu ya tortiya.

Kwa hiyo kabla ya kukata kitunguu na giligilani, chukua tortiya ya kwanza ikiwa bado moto, itie chumvi kidogo, ikunje, uile hivyo hivyo. Ukitamani ya pili, ndipo uwaite wageni.