Haki ya Kucheka: Daktari, Utani na Vibonzo vya Tezuka Osamu

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vyetu umekuwa karimu kwa utenzi, riwaya na tamthilia, na bahili kwa vibonzo. Vizazi vya wasomaji wa Kiswahili nchini Kenya vimelifungua gazeti la Taifa Leo kwa kumtafuta kwanza Juha Kalulu wa Edward Gitau, kisha ndipo vikarejea kwenye habari za siasa. Hata hivyo, Juha Kalulu hatumkuti katika vitabu tunavyowatahini wanafunzi wetu. Hoja inayotolewa aghalabu ni kwamba vibonzo huchekesha tu, kana kwamba kuchekesha ni jambo dogo. Makala haya yanadhamiria kukichunguza kicheko hicho mahali ambapo kinaelekea kuwa utovu wa adabu, yaani kando ya kitanda cha mgonjwa, na katika mikono ya msanii ambaye mwenyewe alikuwa daktari.

Tezuka Osamu alizaliwa nchini Japani mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989 kwa saratani ya tumbo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka, na alikuwa bado mwanafunzi pale vibonzo vyake vilipoanza kuchapishwa mwaka 1946. Alihitimu mwaka 1951, akafaulu mtihani wa taifa wa madaktari mwaka 1952, na mwaka 1961 akapewa shahada ya uzamifu na Chuo cha Udaktari cha Nara kwa utafiti juu ya mbegu za uzazi za konokono. Kazi ya kutibu hakuifanya. Aliuchagua wino. Lakini hospitali haikumwacha: aliirudia katika *Kirihito Sanka* (1970–1971), inayosimulia ugonjwa unaowageuza watu sura zikafanana na za mbwa na inayoushambulia bila huruma ukubwa wa maprofesa wa tiba, katika *Black Jack*, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la vijana kuanzia mwaka 1973 hadi 1983, na katika *Hidamari no Ki* (1981–1986). Tutashughulika zaidi na *Black Jack*, kwa sababu humo ndimo tatizo la kicheko linapojitokeza waziwazi.

Mhusika mkuu, ajulikanaye kwa jina la Black Jack, ni daktari wa upasuaji asiye na leseni. Anadai malipo makubwa mno, anakaa mbali na mji, na uso wake umeshonwa kutoka kwenye paji hadi shavuni. Sura zake, zaidi ya 200, nyingi ni visa kamili vinavyojitegemea. Kisa cha kwanza kinatoa ladha ya vingine. Mtoto mtukutu wa tajiri anavunjikavunjika katika ajali ya gari, na baba yake anataka mtu mwingine auawe kwa hila ya mahakama ili viungo vyake vimwokoe mwanawe. Kijana fundi cherehani asiye na hatia ndiye anayehukumiwa. Black Jack anapasua, anachukua fedha zake na kwenda zake. Baadaye tunatambua kwamba aliyefufuka akiwa na sura ya mtoto wa tajiri ni yule fundi. Kinaya hiki hakihitaji ufafanuzi. Tajiri amenunua uhai, na akauziwa wa mtu mwingine.

Linalowatatiza wasomaji wengi wanaokutana na kazi hii kwa mara ya kwanza ni kwamba katikati ya tanzia kama hizo huzuka vituko. Upasuaji umefikia pabaya, damu inatiririka, na ghafla juu ya fremu anarukaruka Hyoutantsugi, kijidudu chenye umbo la kibuyu kilichotiwa viraka na pua ya nguruwe, ambacho asili yake ni mchezo wa kuchora wa dada yake Tezuka walipokuwa watoto. Hakina kazi katika msuko. Hakisemi la maana. Huingia, huharibu heshima ya tukio, hutoweka. Yupo msomaji atakayesema kwamba msanii amejiharibia. Mimi naona kinyume chake, na ili kueleza sababu sina budi kuondoka Japani kwa muda nirudi nyumbani.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, hasa za Tanzania, utani una nafasi yake katika matanga. Watani hufika msibani wakafanya mambo ambayo angeyafanya mtu mwingine angefukuzwa: humwigiza marehemu, huzikejeli tabia zake, huwadai wafiwa vitu. Aliyezoea msiba wa kimya kanisani huona kuwa huo ni ukatili. Lakini tuangalie ni nani huyo anayecheka. Mtani ndiye pia anayeshika jembe la kuchimbia kaburi, na ndiye anayetumwa kazi zile ambazo mfiwa hana nguvu ya kuzifanya. Tena utani ni wa pande mbili: ukifiwa wewe mtani, wale uliowacheka jana watakuja kukucheka leo, na huna ruhusa ya kukasirika. Kwa hiyo haki ya kucheka mbele ya maiti imefungwa kwa masharti mawili, kufanya kazi ya msiba na kukubali kuchekwa. Anayekosa sharti mojawapo si mtani. Ni mfidhuli.

Masharti haya mawili yanatupa kipimo ambacho naona kinafaa zaidi kuliko vile tunavyozoea kuviazima. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba kicheko huhitaji moyo uliokufa ganzi kwa kitambo. Huenda hilo ni kweli kwa mtazamaji aliyekaa kwenye kiti cha ukumbi wa tamthilia. Si kweli kwa mtani, wala si kweli kwa daktari au muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hucheka kwa kuwa moyo wake haujafa ganzi na ana wagonjwa wengine wanaomngoja kabla ya alfajiri.

Tukianza na sharti la kazi, Tezuka amelitimiza kwa kalamu. Viungo vya ndani ya mwili katika *Black Jack* vimechorwa kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kupasua. Uso wa binadamu ni wa kikatuni, pua kubwa na macho ya duara, lakini ngozi ikishafunguliwa mchoro hubadilika ukawa wa kitabu cha anatomia. Mgongano huo wa mitindo miwili ndani ya fremu moja ndio siri ya kazi hii. Nje sote ni vichekesho, ndani sote ni nyama. Hyoutantsugi anapopita hapo kati, hatupunguzii uzito wa jambo, bali anatukumbusha kwamba mkono unaochora ni mkono wa mtu, nao unatetemeka.

Sharti la pili, kukubali kuchekwa, limetimizwa kwa ukarimu mkubwa zaidi. Tezuka hujichora mwenyewe mara kwa mara, na kofia yake na pua yake kubwa, akiwa mtu anayekosea na kukemewa. Madaktari wenzake hupata kipigo kikali: maprofesa wanaopita wodini na msafara wa wanafunzi nyuma yao kama masultani, wanaojali jina la hospitali kuliko jina la mgonjwa. Black Jack naye hasamehewi. Anaitibu kompyuta inayoendesha hospitali nzima kwa sababu yenyewe imeamini kuwa ni mgonjwa. Anamtibu nyangumi muuaji anayemlipa kwa lulu. Daktari anayewatoza binadamu mamilioni anapokea ada kutoka kwa samaki! (Msomaji wa elimu ya viumbe ataniambia kwamba nyangumi si samaki. Kwa Kiswahili cha wavuvi ni samaki.) Na katika kisa kinachopendwa kuliko vyote, Honma, mzee aliyemwokoa Black Jack utotoni, anakiri akiwa karibu na kufa kwamba alisahau kisu ndani ya mwili wa mtoto huyo, na alipokitoa miaka kadhaa baadaye akakuta mwili umekizungushia ganda la chokaa, kama chaza anavyofanya na chembe ya mchanga. Kosa la daktari limetibiwa na mgonjwa. Hakuna mzaha mkubwa zaidi kwa taaluma ya tiba kuliko huo, na hauchekeshi hata kidogo.

Vicheko vyenyewe, hata hivyo, si vya aina moja. Mpinzani wa Black Jack ni Kiriko, aliyekuwa daktari wa jeshi, ambaye sasa huwaua wagonjwa wanaoomba kufa. Katika kisa kimoja wawili hawa wanagombania mwanamke aliyepooza: yeye amemwita Kiriko ili asiwe mzigo kwa watoto wake, nao watoto wamemwita Black Jack. Black Jack anashinda, upasuaji unafaulu. Kisha inakuja habari kwamba mama na watoto wamekufa katika ajali ya barabarani. Kiriko anacheka, kicheko kirefu kinachojaza mchoro. Hiki si kicheko cha mtani. Kiriko hachimbi kaburi la mtu, anafurahia kwamba dunia imekubaliana naye. Jibu la Black Jack ni kupiga kelele kwamba ataendelea kuponya. Ni jibu lisilo na mantiki, na nadhani Tezuka alijua hivyo.

Pinoko ni suala gumu zaidi. Black Jack anautoa mwilini mwa mwanamke mmoja uvimbe wenye viungo vya pacha wake ambaye hakuzaliwa. Anaviunganisha viungo hivyo katika mwili wa bandia wa mtoto mdogo. Umri wake ni miaka 18, mwili wake ni wa mtoto, ulimi wake ni mzito, na anajitangaza kuwa mke wa daktari. Sehemu kubwa ya ramsa ya kazi hii inamtegemea yeye. Nakiri ustadi wake, lakini sioni kwamba mizani imekaa sawa. Pinoko huchekwa kwa jinsi alivyoumbwa, na nafasi yake ya kumcheka Black Jack ni ya mtoto anayemkemea baba. Pale msanii anapomwacha aseme kwa hasira kwamba yeye ni mwanamke mzima, kazi hupanda daraja; pale anapomtumia kwa kigugumizi chake tu, hushuka.

Kwa msomaji wa Kiafrika mizani hii inapinda zaidi katika *Jungle Taitei*, kisa cha simba mweupe kilichoanza mwaka 1950, ambamo Waafrika wamechorwa kwa midomo minene na macho yaliyotoka kwa mtindo uliotoka katika filamu za Marekani za wakati huo. Waafrika hao hawamchori Tezuka. Wanachekwa na hawana zamu ya kucheka. Malalamiko yalitolewa huko Japani kwenyewe, na tangu miaka ya 1990 matoleo ya kazi zake yakaambatishwa maelezo kuhusu michoro hiyo. Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kutosema kwamba kiraka cha ngozi nyeusi usoni mwa Black Jack kilitoka mwilini mwa Takashi, rafiki yake wa utotoni, mtoto wa mzazi Mjapani na mzazi mweusi, ambaye peke yake alijitolea ngozi yake wenzake walipokataa. Daktari bingwa wa kubadilisha sura za watu hakubali kuibadilisha sura yake. Umbali kati ya michoro ile ya mwaka 1950 na uso huu ni mrefu, na Tezuka aliusafiri mwenyewe.

Na alipokosea kama daktari aliambiwa pia. Mwaka 1977 sura moja ya *Black Jack* iliyogusa upasuaji wa ubongo ilipingwa vikali na watetezi wa waliodhulumiwa kwa upasuaji wa aina hiyo, na radhi ikaombwa hadharani. Hapo aibu haikuletwa na kicheko. Ililetwa na imani katika kisu, imani ambayo sura nyingine nyingi za kazi hiyo hiyo zinaidhihaki.

Pengine ndiyo maana miaka minne baadaye alianza *Hidamari no Ki*, ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu ni daktari kijana mpenda wanawake, mvivu wa masomo, anayejikuta akipigania chanjo ya ndui katika mji wa Edo ambako watu waliogopa kwamba dawa iliyotokana na ng'ombe ingewageuza ng'ombe. Kituo cha chanjo kilifunguliwa kweli mwaka 1858. Daktari huyo, Tezuka Ryoan, alikuwepo kweli; alifariki mwaka 1877 akiwa daktari wa jeshi katika vita vya Satsuma. Kati ya madaktari wote aliowachora, huyu ndiye aliyemcheka kwa muda mrefu na kwa raha kuliko wote, naye alikuwa baba wa babu yake.