Kwa Nini Tulimlilia Mustafa

Kuna wakati ibada zetu za jumuiya za jioni, Sakina hadi Tengeru, zilikuwa zikiisha mapema kuliko kawaida. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba tamthilia ya Sultan imekaribia kuanza. Baadhi yetu wachungaji tulipanda mimbarani tukaikemea, nasi hatukuwa tumetazama hata sehemu moja. Hilo lilikuwa kosa letu. Baadaye tuliketi pamoja na washarika tukaitazama.

Tamthilia hii, ambayo Azam TV ilituletea kwa sauti za Kiswahili, ilirushwa kwanza Uturuki kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014, ikiwa na misimu minne na sehemu 139. Inasimulia habari za Sultani Suleiman na mkewe Hurrem katika karne ya 16. Huko kwao ilizua kelele nyingi. Mnamo Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu, alilalamika kwamba imemfanya Suleiman mtu wa kukaa jumba la wanawake, ilhali maisha yake mengi yalipita vitani, juu ya farasi. Huku kwetu lawama zikageuka: tulisema inawafundisha Wakristo kusifu utawala wa dini nyingine. Tamthilia ileile, huko wakaona inamshusha Sultani, huku tukaona inampandisha.

Ulipoanza msimu wa nne, watazamaji walipata mshtuko. Meryem Uzerli, aliyeigiza Hurrem, alikuwa ameondoka, na nafasi yake akaichukua Vahide Perçin. Mama mmoja wa jumuiya yetu alisema kwa huzuni ya kweli, "Hurrem wangu amekufa, huyu ni mwingine." Kisha likaja lile lililowaumiza wote: Suleiman anaamuru mwanawe Mustafa anyongwe, kama ilivyotokea kweli mwaka 1553. Sehemu hiyo ilipoonyeshwa Uturuki mwaka 2014, watu walimiminika Bursa kwenye kaburi la Mustafa kumwombea. Walimlilia mtu aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita. Na sisi chini ya Mlima Meru tulimlilia.

Je, machozi hayo yalikuwa upuuzi? Hatudhani. Huo ndio uwezo wa tamthilia: inampa marehemu sura, nasi tunaona uchungu wake. Udhaifu wake ni kwamba sura hizo inawagawia wachache. Hurrem tulimpokea akiwa Aleksandra, binti aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akiwalilia ndugu zake. Kufikia msimu wa nne amezungukwa na watumwa wake mwenyewe. Wanabeba sinia, wanapeleka sumu, wanauawa, na hatuulizi walitekwa wapi. Tuligombana juu ya sura mpya ya malkia. Hakuna aliyegombana juu ya kijakazi.

Biblia nayo ina jumba la mfalme. Bathsheba aliingia kwa Daudi aliyezeeka kumtetea Sulemani apate kiti, na baadaye Adonia ndugu yake akauawa. Hata majina yanafanana. Ila Maandiko hayamfichi mfalme ili kulinda heshima ya taifa, wala hayamsahau mdogo aliyekanyagwa. Mathayo anapotaja ukoo wa Yesu, anasema Daudi alimzaa Sulemani kwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Askari aliyeuawa kwa siri amewekwa mlangoni mwa Injili.

Mama yule aliyemlilia Hurrem ndiye aliyetubana. "Mchungaji," alituuliza, "mbona mkihubiri toba ya Daudi mnamruka Uria?"

Hatukuwa na jibu, na swali hilo limetufuata hadi Akeri. Tarehe 20 Oktoba 1896 wamisionari wetu Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa pale, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kisha msafara wa kijeshi wa Wajerumani, chini ya Kapteni Johannes, ukaja kulipiza kisasi, ukaua Wameru na Waarusha wengi na kuteka ng'ombe wao. Majina ya wale wawili tunayafundisha watoto wa kipaimara, na ni vema. Wachaga wale, na Wameru na Waarusha waliouawa baadaye, wamebaki kama vijakazi wa jumba la Sultani: wapo kwenye habari, lakini hawana sura.

Kwa hiyo hatuikemei tena tamthilia kwa kuwaliza watu. Msharika anayeweza kumlilia mwana wa Sultani wa mbali ana moyo unaofanya kazi. Tunaloomba ni kwamba aje jumuiyani na moyo huohuo, na sisi tunaomhubiria tusimruke Uria. Wazee wa Akeri na Poli bado wanasimulia waliyosikia kwa babu zao. Tuwaendee tuwasikilize, kabla msimu huo haujafungwa.